Kuuza chakula cha oda kwa simu mjini Tanga

Mteja wa chakula cha mchana amebadilika kwa mambo mawili. Hapendi tena kukifuata chakula, anataka kimfuate yeye kazini. Halafu analipa kabla hajakiona. Tangu M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008 na mitandao mingine ikafuata, kulipia kitu ambacho bado kiko jikoni limekuwa jambo la kawaida, na mapumziko ambayo zamani yaliishia kwenye benchi la mama lishe sasa wengi wanayamalizia mezani kwao, kijiko mkono mmoja na simu mkono wa pili. Mpishi wa nyumbani anaweza kujipatia riziki nzuri hapo, mradi ajue kinachomrudisha mteja. Utamu Tanga hauna uhaba. Mteja hurudi kwa sababu chakula alichoambiwa ndicho kilichofika, na kilifika saa aliyoambiwa.

Maelezo haya ni ya anayeanza na sahani 20 kwa siku: jiko la nyumbani, msaidizi mmoja, bodaboda mmoja.

Vyakula viwili, saa mbili za kufunga

Kosa linaloua biashara hii mapema ni kupika kwanza, kutafuta wateja baadaye. Benchi la barabarani linavumilia hilo kwa kuwa wapita njia wapo. Kwenye simu hakuna mpita njia. Sahani ambayo haina mwenyewe mpaka saa nne asubuhi italiwa na wanao. Lakini kufunga oda zote usiku nako kuna hasara yake, kwani watu wengi huamua watakula nini wakishafika ofisini. Ofisi za serikali huanza saa 1:30 asubuhi, na muda mfupi baadaye meseji za "leo kuna nini?" zinaanza kumiminika, wakati samaki wa siku wameshanunuliwa Deep Sea, soko la samaki la hapa Tanga.

Dawa ni kuwa na vyakula viwili kila siku, kila kimoja na saa yake ya kufunga. Cha kwanza kiwe kile cha gharama na cha kuharibika: samaki wa kupaka, kuku, pweza wa nazi. Hiki kitangaze saa 11 jioni ya siku inayotangulia na ukifunge saa 3 usiku. Asiyelipa hajaagiza. Cha pili kiwe chakula kinachovutika, yaani unachoweza kukiongeza au kukipunguza bila hasara: maharage ya nazi, kunde, choroko, pamoja na mchicha. Maharage makavu kilo 2 yanatosha sahani 20, yanalowekwa usiku, na zikibaki sahani nne yanageuka kitoweo cha jioni nyumbani bila mtu kuumia. Hiki kifunge saa 3:30 asubuhi.

Anayechelewa usimkatalie, mwambie samaki wamefungwa, maharage bado yapo. Na usivunje saa hiyo kwa ajili ya mtu yeyote, hata awe shemeji. Ukimpokelea mmoja saa 4, wiki ijayo wote wataagiza saa 4. Kama moyo unakusuta, nunua samaki wa sahani mbili za ziada, basi, na useme wazi kwamba ni mbili tu.

Simu iwe duka

Tenga laini ya biashara peke yake. WhatsApp Business haina malipo, na ina vitu vitatu vya kukufaa kila siku: katalogi ya vyakula na bei, lebo za kupanga wateja ("amelipa", "bado", "Bombo"), na majibu ya haraka yanayoanza na alama ya /, ili usiandike namba ya malipo mara 20 kwa siku.

Stetasi hukaa saa 24 na kisha hupotea. Kitu ambacho wengi hawakijui: kwa kawaida haionekani mpaka nyote wawili muwe mmehifadhiana namba. Ukilalamika kwamba una namba 300 na stetasi inaangaliwa na watu 40, chanzo mara nyingi ni hicho. Kwa hiyo kila mteja mpya mwombe, pale pale anapolipa, aihifadhi namba yako kwa jina la biashara. Orodha ya kutumia watu wengi meseji kwa mpigo nayo ina sharti hilo hilo: asiyekuhifadhi haipati meseji.

Grupu usifungue. Ndani ya grupu mteja mmoja akilalamika kuhusu mwiba, wengine 60 wanasoma, na namba za watu zinaanikwa kwa wasiowajua. Namba ya simu ni taarifa binafsi kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Huna ruhusa ya kuigawa kwa sababu tu mtu alinunua wali kwako.

Tangazo liwe fupi na lijibu maswali yote mara moja:

"Assalaam alaykum, habari za jioni. Kesho Jumatano: (1) Wali wa nazi na kolekole wa kupaka, 7,500, mwisho leo saa 3 usiku. (2) Wali wa nazi, maharage na mchicha, 4,000, mwisho kesho saa 3:30 asubuhi. Bei ni pamoja na kuletewa Bombo, mjini, bandarini, Chumbageni na Ngamiani. Chakula kinafika kati ya saa 6:30 na saa 7:30 mchana. Malipo kwa lipa namba iliyo hapa chini."

Kijana ataandika, "Shikamoo mama, naomba mbili za samaki." Usijibu "sawa." Jibu, "Marahaba mwanangu. Samaki mbili, Bombo, bado malipo." Jibu la namna hiyo limebeba idadi, chakula, mahali na pesa, na yeye akiona umekosea atakusahihisha hapo hapo. Sehemu kubwa ya ugomvi wa saa saba mchana huzaliwa na lile "sawa" la saa mbili usiku.

Picha piga mwenyewe, karibu na dirisha, asubuhi. Taa ya balbu huufanya mchuzi wa nazi uonekane kama umechacha. Sahani ya kwenye picha iwe na kipande cha ukubwa ule ule utakaouza. Picha za kuokota mtandaoni zinakuletea mteja mara moja tu.

Hesabu ya sahani 20 za samaki

Bei zinapanda na kushuka, kwa hiyo hizi zichukue kama mfano na uweke za soko lako. Vipimo, hata hivyo, vishike.

Mchele ni gramu 150 kwa sahani, yaani kilo 3. Samaki mbichi aliyesafishwa ni gramu 200 kwa sahani, yaani kilo 4. Lakini kichwa, matumbo na magamba huondoka na karibu theluthi ya uzito, kwa hiyo sokoni nunua kilo 6. Nazi 10: sita za wali, nne za kupaka.

Tuseme mchele ni 3,000 kwa kilo, hiyo ni 9,000. Nazi 10 kwa 1,000, ni 10,000. Samaki kilo 6 kwa 10,000, ni 60,000. Vitunguu, nyanya, thomu, tangawizi, ukwaju, ndimu, pilipili na mafuta, 12,000. Mboga 5,000. Mkaa na gesi 6,000. Vyombo 20 vya kufungia kwa 300, ni 6,000. Jumla 108,000, sawa na 5,400 kwa sahani kabla haijatoka mlangoni. Anayeiuza 5,000 kwa sababu jirani anauza 5,000 anawalisha watu kwa sadaka.

Kwa 7,500 unapata 150,000. Toa 108,000, inabaki 42,000. Toa 8,000 za bodaboda, 2,000 za bando na makato, 10,000 za msaidizi: unabaki na 22,000. Sasa sahani mbili zikidoda, 15,000 imekwenda, na kazi uliyoianza alfajiri imekulipa 7,000. Ndiyo maana saa ya kufunga oda ina thamani kuliko kiungo chochote jikoni.

Angalia pia kwamba samaki peke yake amekula zaidi ya nusu ya gharama. Upepo wa kusi ukichachamaa katikati ya mwaka, vyombo vidogo vya uvuvi havitoki na bei inapaa. Vibua na dagaa wanaovuliwa kwa taa huadimika siku za mbalamwezi, kwa kuwa mwanga wa mwezi huifanya taa isiwavute. Mwenye kalenda ya mwezi ukutani hapangi vibua katikati ya mwezi wa Kiislamu. Siku hizo hupeleka kuku au kunde mbele.

Jikoni

Deep Sea uwe umefika saa 12:30 asubuhi, ukiwa na ndoo yenye kifuniko na barafu: kilo 1 ya barafu kwa kilo 1 ya samaki, ipondwe, iwekwe chini, katikati na juu. Hili si la kufanyia ubahili. Jodari, nguru na vibua wakikaa kwenye joto hutengeneza histamini, na histamini haiondoki kwa kupikwa wala kwa ndimu. Mteja atawashwa, uso utaiva na kichwa kitamuuma ndani ya saa moja baada ya kula, na hakuna maelezo utakayompa akakuelewa.

Saa 2 samaki wamesafishwa, wamechanjwa na kupakwa chumvi, thomu na ndimu, wamerudi kwenye baridi. Maharage yako motoni. Saa 3:30 oda zimefungwa, na hapo ndipo unakuna nazi, kwa idadi unayoijua. Kukuna nazi alfajiri "ili kuwahi" ni kujitafutia hasara: kwa joto la Desemba hadi Machi, tui la asubuhi mapema laweza kuchacha kabla ya adhuhuri. Tui la jana usilichanganye na la leo hata kama linanuka vizuri.

Wali uingie jikoni saa 4:15. Kilo 1 ya mchele huchukua lita 1.5 hadi 2 za tui jepesi. Mchele mpya unataka maji machache, wa zamani unataka zaidi, kwa hiyo ukibadilisha gunia pika kikombe kimoja cha majaribio kwanza. Usipike wali alfajiri ukauacha vuguvugu kwenye sufuria. Kuna bakteria ambao mbegu zao hustahimili kuchemka, wakaota tena wali ukipoa, na sumu wanayoiacha haiondoki kwa kupasha moto. Wali ukae juu ya nyuzijoto 60 mpaka unapofungwa. Kwa lugha ya jikoni, ukiutia kidole usiweze kukiacha.

Samaki apande mkaa saa 5. Tui zito la kupaka lipikwe kwa moto mdogo, likikorogwa upande mmoja, bila kuachwa litokote kwa nguvu, maana hukatika na mafuta yakaelea. Ukwaju utie mwishoni, moto ukiwa umeshashushwa. Mchuzi uliokatika hauna madhara, lakini baada ya nusu saa ndani ya chombo kilichofungwa unaonekana kama kitu kilichoharibika, na mteja wa simu anahukumu kwa macho kwanza.

Kufunga kuna ufundi wake. Chombo kikifungwa mvuke ukiwa bado unapanda, maji yanagandia kwenye kifuniko na kudondokea wali, unafika umelowa. Pakua wali wa moto, uache wazi dakika 2 tu, toboa kifuniko tundu dogo mara mbili, kisha funga. Mchuzi upate chombo chake. Kachumbari vilevile, na chumvi yake itiwe dakika za mwisho kwa kuwa chumvi huvuta maji ya nyanya. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo tumia mifuko mbadala, na gharama yake iingie kwenye hesabu ya vyombo.

Bodaboda

Usilipe kwa kila kifurushi. Patana bei ya safari nzima, safari isizidi vituo 8. Kila kituo hula kama dakika 4, kwa kupiga simu, kungoja mtu ashuke ngazi na kusalimiana (na huku kwetu kusalimiana hakukatwi), kwa hiyo vituo 8 ni zaidi ya nusu saa bila kuhesabu mwendo. Panga kwa njia: Bombo na Raskazone ni njia moja, bandari na ofisi za katikati ya mji ni ya pili, Ngamiani mpaka Makorora ya tatu. Pongwe na Chongoleani ni safari za peke yake, usizipokee chini ya sahani 10.

Mpe dereva karatasi yenye jina, chakula, mahali na namba ya simu, kwa mpangilio wa njia. Chakula cha kituo cha mwisho kiwekwe chini kabisa ya boksi. Boksi lenyewe si lazima liwe la kununua: kreti imara iliyozungushiwa makatoni na khanga nzito hulinda joto kwa safari nzima, ila khanga ifuliwe kila siku. Dereva aondoke saa 6:15. Akirudi, muulize amepokewa na nani kila mahali, siyo tu "vimefika?"

Kwenye ofisi yenye oda tano au zaidi tafuta mpokeaji mmoja, awe mhudumu au mlinzi wa getini, na kila Ijumaa mpelekee sahani yake. Ni gharama ndogo kuliko dakika 20 za kungoja watu watano washuke mmoja mmoja.

Pesa na matapeli

Lipa namba ni bora kuliko kutumiwa kwenye namba yako ya kawaida. Jina la biashara hutokea kabla mteja hajaweka namba ya siri, mauzo hayachanganyiki na pesa za kikoba, na jioni unapata hesabu safi.

Malipo yathibitishe kwenye salio lako mwenyewe. Picha ya meseji ya muamala hutengenezwa kwa dakika mbili, na meseji ya uongo inaweza kuja na jina linalofanana na la mtandao wako. Tazama salio limeongezeka kiasi gani, ndipo ubandike lebo ya "amelipa". Akipiga mtu akisema amekosea kutuma na umrudishie haraka, usitume chochote. Mwambie awasiliane na mtandao wake, wao ndio wenye utaratibu wa kurudisha muamala. Namba za meseji za kitapeli zipeleke 15040. Na piga *106# mara moja moja kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, maana utapeli ukifanyika kwa laini yenye jina lako, wewe ndiye utakayeulizwa.

Mkopo wa mpaka mwisho wa mwezi ndio mtego mkubwa kuliko matapeli wote. Mteja wa mkopo hakimbii kwa ubaya. Anaona haya, anahamia kwa mpishi mwingine, umepoteza deni na mteja kwa pamoja. Geuza mambo: anayelipia sahani tano za wiki nzima Jumapili apate punguzo la 500 kwa sahani. Kwa hesabu ya hapo juu unapoteza 2,500 kwa mteja, lakini Jumatatu alfajiri unakwenda sokoni na pesa ya watu na idadi unayoijua.

Vibali ni vya kawaida: jina la biashara BRELA (wakala wa usajili wa biashara), TIN ya TRA (namba ya mlipa kodi), leseni ya halmashauri, na vipimo vya afya kwa kila anayeshika chakula. Anza kwa afisa afya wa kata. Akija kukagua baadaye atakuwa anakujua. Andika mauzo ya kila siku kwenye daftari, kwani sahani 20 za 7,500 kwa siku 26 ni shilingi 3,900,000 kwa mwezi, na usipokuwa na kumbukumbu makadirio ya kodi yatafanywa bila wewe.

Mapumziko na Ramadhani

Mwisho wa wiki mteja ni yule yule lakini tumbo ni jingine. Anakwenda kuogelea Raskazone na familia, au ana wageni kutoka Dar es Salaam, au kuna mechi Mkwakwani. Hataki sahani, anataka sinia: pilau ya watu 5 (mchele kilo 1, nyama kilo 1), kuku wa kuchoma, kachori na bajia za kutafuna kando. Oda za sinia zifungwe Alhamisi usiku kwa kulipa nusu. Sinia lenyewe lidai amana ya 10,000, irudi siku chombo kinaporudi. Bila amana utajikuta unanunua masinia kila mwezi. Siku ya mechi peleka kabla ya saa 9 alasiri, baada ya hapo barabara za karibu na uwanja hujaa.

Ramadhani ratiba yote inageuka. Oda za mchana zinakauka, za futari zinafurika, na zote zinatakiwa dakika ile ile moja. Funga oda saa 5 asubuhi, punguza vyakula viwe vitatu au vinne (muhogo wa nazi, tambi, kaimati, uji), na chukua bodaboda wawili mapema, kabla ya mwezi kuandama, kwa bei mliyoafikiana. Kila kitu kiwe kimefika kabla ya saa 12 jioni. Kaimati zisifungwe zikiwa za moto, zinalegea; shira yake iende kwenye chombo kingine, mteja amwagie mwenyewe. Na dereva naye amefunga: mfungashie futari yake aondoke nayo.